Tangazo la meya, azimio la madiwani au sheria ya mji: tuombe kipi kuhusu ubaguzi wa rangi?

Ukutani kwenye ofisi ya chama chetu cha Waswahili hapa Marekani, kati ya kalenda ya duka la nyama ya halali na picha ya timu ya vijana, pananing'inia fremu ya rangi ya dhahabu. Ndani mna karatasi nene, muhuri wa mji, sahihi ya meya, na aya saba ambazo kila moja inaanza na "Kwa kuwa". Tulikabidhiwa kiangazi cha 2020, wiki chache baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis. Akina mama walivaa sare ya kitenge, akina baba suti, tukapigwa picha na meya kwenye ngazi za jengo la mji. Karatasi inasema mji wetu unapinga ubaguzi wa rangi wa kila namna.

Kazi ya kuipangusa vumbi imeniangukia mimi, kwa hiyo huenda nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika. Nimetafuta neno moja linalomwagiza mtu yeyote afanye jambo lolote. Halimo.

Sasa diwani wetu ametuma ujumbe: baraza linafikiria kutoa tena kauli kuhusu ubaguzi, je, chama kingependa iwe na nini? Kikao kikagawanyika. Vijana wanataka tususe, maneno yametosha. Mwenyekiti anasema mgeni akiandaliwa haangalii sahani kwa dharau. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye huwa haongei sana, akauliza, "Ile ya kwanza ilitusaidia nini, baba mwenyekiti?" Watu wakaangalia chini. Nikaambiwa nikatafute miji mingine ilifanya nini, tulinganishe, ndipo tujibu. Haya ndiyo niliyorudi nayo, na nadhani yatawafaa wenzetu wa Columbus, Portland, Louisville na kwingineko wanaoitwa kila mara kwenye kipaza sauti cha dakika mbili mbele ya baraza.

Karatasi zenyewe

Sisi zote tunaziita tamko, na hapo ndipo tunapopunjwa. Tangazo la meya ni la meya peke yake. Kalamu ileile aliyotumia kutangaza wiki ya maktaba ndiyo anayotumia kulaani ubaguzi, na kisheria uzito ni uleule. Azimio hupigiwa kura na madiwani, hivyo angalau unajua nani alisema ndiyo na nani alisema hapana, lakini mara nyingi linaeleza nia tu. Sheria ya mji, ambayo Mtanzania angeiita sheria ndogo, huingia kwenye kitabu cha sheria na kupewa namba. Ukiivunja kuna matokeo, na anayetaka kuifuta lazima aitishe kura nyingine hadharani. Ya nne ni bajeti. Hiyo hakuna anayeiwekea fremu.

Kwa waliosoma siasa Tanzania, neno azimio linapotosha kidogo. Azimio la Arusha lilitolewa Februari 1967, na ndani ya wiki moja benki zilikuwa zimetaifishwa. Ukikulia na azimio la namna hiyo, unapoambiwa baraza la mji fulani Marekani limepitisha azimio, unatarajia kesho yake kitu kitikisike. Huwa hakitikisiki.

Chukua kauli kwamba ubaguzi wa rangi ni janga la afya ya umma. Serikali ya Milwaukee County ilikuwa ya mwanzo kuitoa, Mei 2019. Baada ya kifo cha Floyd ikaenea kama moto wa nyika, na matamko ya aina hiyo yakapita 200 nchi nzima. Milwaukee wenyewe hawakuishia hapo: mwaka 2020 waliiingiza kwenye sheria za kaunti, ili idara zibanwe nayo hata uongozi ukibadilika. Wengi walioiga walinakili kichwa cha habari wakaacha sehemu hiyo.

Minneapolis na Louisville

Hii ni miji miwili iliyokuwa na hasira moja katika wiki moja, na kila mmoja ukashika njia yake.

Tarehe 7 Juni 2020, madiwani 9 kati ya 13 wa Minneapolis walipanda jukwaani kwenye bustani ya Powderhorn, mbele ya umati na kamera za dunia, wakaahidi kuivunja idara ya polisi kama ilivyokuwa na kuanza upya. Tisa kati ya kumi na tatu ni kura za kutosha hata meya akipinga. Nilitazama video ile jikoni kwangu, na nakiri nilisisimka.

Tatizo ni kwamba ufunguo wa mlango ule hawakuwa nao mkononi. Katiba ya mji wa Minneapolis inataka mji uwe na idadi ya chini ya polisi kulingana na wakazi wake, na kubadili katiba hiyo ni kazi ya wapiga kura. Tume inayosimamia katiba ya mji ikalichelewesha jambo hilo mwaka 2020. Lilipofika kwenye kura Novemba 2021, asilimia 56 hivi walikataa. Baadhi ya wale tisa walikuwa wamekwisha kusema hadharani kwamba maneno yalieleweka vibaya, au kwamba kila mmoja alikuwa na maana yake. Ahadi kubwa kuliko zote za kiangazi kile ikafa bila kuzaa hata kifungu kimoja.

Kilichokuja kuibana polisi ya Minneapolis hakikuwa na jukwaa. Idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota ilifungua uchunguzi Juni hiyohiyo ya 2020. Ripoti yake ilitoka Aprili 2022 na kusema pana mtindo wa ubaguzi wa rangi katika utendaji wa polisi. Mwaka 2023 yakafuata makubaliano yanayosimamiwa na mahakama. Mei 2025 wizara ya sheria ya Marekani ilipojiondoa kwenye makubaliano yake na Minneapolis na Louisville, yale ya jimbo yalibaki palepale, kwa sababu hayakutegemea nani yuko Washington.

Louisville, siku nne tu baada ya mkutano wa Powderhorn, ilifanya jambo dogo. Breonna Taylor, miaka 26, alipigwa risasi na polisi nyumbani kwake usiku wa manane, tarehe 13 Machi 2020. Hati waliyokuwa nayo ilikuwa ya aina inayomruhusu polisi kuingia bila kubisha hodi. Tarehe 11 Juni baraza la mji lilipiga kura 26 kwa sifuri kupiga marufuku hati za namna hiyo, na sheria ikapewa jina lake. Polisi wanaotekeleza hati ya upekuzi lazima wawe wamewasha kamera za mwilini, dakika tano kabla na dakika tano baada.

Sisi tuliolelewa kwamba hata kwa shangazi yako unapiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi kwenu, tunaielewa sheria hiyo bila mkalimani. Na Louisville ina Waswahili wa kutosha, hasa kutoka Kongo. Kiswahili ni kati ya lugha zinazosikika sana kwenye shule zake baada ya Kiingereza na Kihispania.

Je, Sheria ya Breonna imemaliza ubaguzi Louisville? Hapana, wala haikujaribu. Inagusa aina moja ya hati, kwenye mlango mmoja, katika saa moja. Lakini mtu anaweza kuisoma na kusema: hapa imevunjwa, au hapa imefuatwa. Ahadi ya Powderhorn huwezi hata kuivunja, maana hakuna aliyeandika ingevunjwaje.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili, sihitaji kufikiri. Nachukua ile ya kura 26.

Evanston na Chicago

Hapa ndipo nilipokaa usiku mwingi, kwa sababu hapa ndipo msimamo wangu wa "maneno hayana kazi" ulipoyumba.

Evanston ni mji wa watu wasiofika 80,000, umepakana na Chicago kwa kaskazini. Juni 2019 baraza lake lilipitisha azimio la kujutia ubaguzi wa kimfumo na kuahidi usawa. Ungelisoma siku ile ungesema: haya, fremu nyingine. Lakini diwani Robin Rue Simmons alilichukua azimio lile kama hati ya deni. Mkishakiri kosa, akawa anasema kwa vitendo vyake, nani analipa na kwa fedha gani? Novemba mwaka huohuo baraza likaamua kwamba dola milioni 10 za kwanza kutoka kodi ya mji ya asilimia 3 kwenye bangi, ambayo jimbo la Illinois lilikuwa likihalalisha kuanzia Januari 2020, ziende kwenye mfuko wa fidia kwa wakazi weusi.

Chanzo kimetajwa, kiasi kimetajwa. Machi 2021, kwa kura 8 dhidi ya 1, wakaidhinisha fungu la kwanza: dola 400,000, kila familia hadi dola 25,000 za kununua nyumba, kulipia mkopo wa nyumba au kufanya ukarabati. Wanaostahili ni weusi waliokuwa watu wazima Evanston kati ya 1919 na 1969, pamoja na vizazi vyao. Miaka hiyo haikuokotwa. Ni kipindi ambacho familia nyeusi zilisukumwa zikabanwa kwenye kata moja, benki zikawanyima mikopo, mpaka mji ulipopiga marufuku ubaguzi wa makazi. Januari 2022 majina 16 ya kwanza yakapatikana kwa bahati nasibu, mipira ikizungushwa kama kwenye droo ya Kombe la Dunia, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wazee.

Sasa dosari, na si ndogo. Kura moja ya hapana ilikuwa ya diwani mweusi, Cicely Fleming. Hakupinga fidia. Alipinga mpango wa makazi kuvalishwa jina la fidia, huku mlipwaji akipangiwa matumizi na fedha zikipita benki badala ya mkononi mwake. Naona alikuwa na hoja, na mji wenyewe ulikuja kukubali mwaka 2023 uliporuhusu malipo ya taslimu. Pia kodi ya bangi iliingia kwa kudondoka, mpaka ikabidi waongeze fedha kutoka kodi ya mauzo ya nyumba. Na mwaka 2024 wakashtakiwa mahakamani kwamba mpango unabagua kwa rangi. Anayeomba fedha kwa jina la rangi Marekani ajue tangu mwanzo kwamba mwanasheria ni sehemu ya bajeti.

Asheville, North Carolina, ilisema karibu maneno yaleyale Julai 2020, kura 7 kwa sifuri, na ikaomba radhi kwa utumwa. Azimio halikuwa na fungu. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo dola milioni 2.1 za mwanzo zikatengwa, na miaka ya kamati ikafuata.

Chicago ni habari nyingine kabisa. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1990, kamanda wa polisi Jon Burge na watu wake upande wa kusini wa jiji waliwatesa watu zaidi ya 100, karibu wote wanaume weusi: shoti za umeme, mfuko wa plastiki kichwani, bastola mdomoni, mpaka mtu asaini kukiri. Burge alifukuzwa kazi 1993, na makosa yenyewe yakawa yamepitwa na muda wa kushtakiwa. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Kwa mateso hakuwahi kuhukumiwa.

Tarehe 6 Mei 2015 baraza la Chicago lilipitisha sheria ya fidia pamoja na azimio la kuandamana nayo. Dola milioni 5.5, hadi 100,000 kwa kila aliyeteswa. Masomo bure kwenye vyuo vya jiji kwao na kwa familia zao. Kituo cha ushauri nasaha upande wa kusini. Historia ya mateso hayo kufundishwa darasa la 8 na la 10 katika shule za umma. Mnara wa kumbukumbu. Na radhi rasmi, ndani ya azimio hilo. Siku ya kura waathirika walikuwa ukumbini, majina yao yakasomwa, wakasimama mmoja mmoja, na madiwani wakainuka kuwapigia makofi.

Mwanzoni nilidhani radhi ile ilikuwa pambo, kama chumvi ya juu juu. Niliposoma jinsi madai yalivyojengwa nikaona nimekosea. Watu hawa waliitwa waongo kwa miaka ishirini na zaidi. Polisi walikana, waendesha mashtaka walikana, majaji waliwaona wahalifu wanaotafuta njia ya kutoka jela. Kwao serikali ya jiji kusema "ilitokea, na sisi ndio tuliofanya" lilikuwa dai lenyewe, pamoja na fedha. Laki moja haimrudishii mtu miaka ya kifungo. Kukiri kunamrudishia jina mbele ya watoto wake.

Kilichochelewa Chicago ni kile ambacho sheria haikukiwekea fungu wala tarehe. Fedha zililipwa mapema 2016 kwa watu 57. Masomo yakaingia madarasani. Mnara, miaka minane baadaye, ulikuwa bado haujasimama. Yote hayo yalipitishwa siku ileile moja.

Rangi ya barabarani na kibao cha mtaa

Haya mengine nayapitia kwa mkato. Meya wa Washington aliamuru herufi kubwa za njano zenye maneno ya Black Lives Matter, yaani maisha ya weusi yana thamani, zichorwe kwenye barabara ya 16 karibu na Ikulu, tarehe 5 Juni 2020. Wanaharakati wa hapohapo jijini wakasema ni kiinimacho cha kukwepa suala la polisi. Machi 2025 mji uliyachimbua, baada ya mbunge kupeleka muswada wa kutishia kuunyima fedha za barabara. Sitawadharau waliolia siku ile, lakini kama ni kuchagua, mimi siombi rangi.

Berlin ndiyo iliyonifanya nisiweke alama zote kwenye fedha. Wilaya ya Neukölln ilikuwa na mtaa uliobeba jina la Hermann von Wissmann, yule aliyekuja na jeshi la kukodi kuzima vita vya Abushiri katika pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Sanamu ya Wissmann iliwahi kusimama Dar es Salaam kabla ya kuishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Mwaka 2021 mtaa ule wa Berlin ukapewa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha uwaziri nchini Tanzania. Mwaka 2024, upande wa pili wa jiji, sehemu ya mtaa uliohusishwa na Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Kibao hakimlipii mtu kodi ya nyumba. Lakini ili vibao hivyo vibadilike ilibidi wilaya zifuate utaratibu wa kisheria, kwa ule wa Peters wakazi wapinge na kesi ziendeshwe, na kila aliye na anwani pale abadili vitambulisho. Barua ya posta ikitumwa leo, jina la binti wa Kilimanjaro limeandikwa juu yake. Kauli inayomsumbua mtu mpaka abadili kitambulisho imeshaingia kwenye maisha. Tatizo lake kwa chama kama chetu ni muda: huko Berlin watu walidai kwa miongo.

Namna ya kuchagua

Kwanza soma vitenzi. Kila tamko la Kiingereza lina "Kwa kuwa" kumi na "Kwa hiyo" moja, na kazi iko baada ya "Kwa hiyo". Likisema mji unatambua, unahimiza, unasimama pamoja, hiyo ni fremu. Likisema mji utatenga, utapiga marufuku, utawasilisha ripoti, endelea kusoma. Jihadhari zaidi na ile tunayoijua sana kutoka nyumbani, "hatua zitachukuliwa". Na nani? Lini?

Kama jambo linalowauma ni moja na linajulikana, mfano polisi wanavyosimamisha magari ya vijana wenu, ombeni sheria ya mji, fupi, kwa mfano wa Louisville. Kama ni hasara ya mali iliyorundikana kwa vizazi, mfano ni Evanston, lakini sisi wageni wa miaka kumi tuwe wakweli: deni lile si letu. Ni la weusi waliozaliwa pale. Kazi yetu pale ni kujaza viti vya nyuma, si kushika kipaza sauti. Kama kuna watu waliodhulumiwa na serikali yenyewe kisha wakaitwa waongo, dai radhi, na uidai ndani ya sheria, pamoja na fedha. Kama baraza halina kura za sheria mwaka huu, chukueni azimio, ila liwe na jina la idara na mwezi wa kurudi na ripoti, ili mwakani muwe na cha kuwauliza. Evanston ilianzia hapo. Na kama mnaahidiwa jambo kubwa la kushangaza, ulizeni kwanza kama anayeahidi ana mamlaka nalo, au ni la jimbo, au ni la wapiga kura.

Tangazo la meya mlipokee tu kwa adabu, mle keki.

Sisi tumeandika barua ya mistari minne. Idara ya polisi itoe kila Machi takwimu za magari yanayosimamishwa, kwa rangi ya dereva na kwa mtaa. Takwimu zisomwe kwenye kikao cha wazi chenye mkalimani wa Kiswahili. Mambo haya yawe sheria ya mji, si azimio. Mstari wa nne ni salamu, mwenyekiti aliusisitiza.

Diwani amejibu juzi. Anasema ameipenda, ila mistari mitatu ya kwanza itabidi ipitie kwa mwanasheria wa mji kwanza, inaweza kuchukua miezi miwili. Nikamsomea mama wa Bukavu jibu hilo kwenye simu. Akaniuliza ile ya kwenye fremu ilipitia kwa mwanasheria siku ngapi. Nikamwambia iliandikwa Jumatatu, tukapigwa picha Alhamisi.